Masika Niliyofundishwa Gofu

Nilijua kucheza gofu kabla sijawahi kuushika mpira wa gofu mkononi, na mpaka leo sijaushika. Mpira niliojifunza kuupiga ulikuwa nukta ya kijani kwenye kioo cha kompyuta, katika ofisi ya hoteli moja ya Malindi, mwishoni mwa miaka ya themanini. Kwa ajili ya nukta hiyo niliachwa na mwanamume niliyekuwa nimekwisha kujiona nyumbani kwake. Nikiwaeleza watu hivyo hucheka. Wacheke. Mimi sijaweza.

Nilikuwa mpiga chapa wa hoteli hiyo. Nilisomea kazi hiyo Mombasa, nikarudi kwa mama, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Asili yetu ni visiwa vya kaskazini. Mama aliletwa Malindi angali mtoto wa kubebwa, lakini hadi anaingia kaburini akisema "kwetu" alikuwa na maana ya huko. Na watu wa kwetu, hata wakihama, huhama na masikio yao. Jambo likisemwa asubuhi katika nyumba moja, alasiri limekwisha kunyweshwa kahawa katika nyumba nyingine.

Mchumba wangu alikuwa mtoto wa mjomba, mwalimu wa shule ya msingi Kilifi, aliyepanga chumba Kibarani. Haikuwa posa ya kulazimishwa. Nilimpenda tangu tulipokuwa wadogo, alipokuwa akija likizoni na kunisomea magazeti ya zamani kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Alipokuwa mwalimu akawa anakuja Malindi kila mwisho wa mwezi. Hukaa barazani na mama, nami hukaa ndani nyuma ya pazia, nikimsikiliza anavyocheka. Alikuwa na kicheko cha kuchelewa. Kila mtu amekwisha kunyamaza, ndipo yeye anaanza. Arusi ilikuwa iwe mfungo sita, mwezi wa maulidi.

Masika yale hotelini ililetwa kompyuta. Alikuja nayo fundi kutoka Mombasa, ikiwa ndani ya maboksi, akaitandaza mezani kwa meneja, kwa kuwa chumba cha meneja ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi kizima. Fundi akatuonya. Mashine haitaki joto wala vumbi, kwa hiyo mlango na madirisha yafungwe. Tena kioo kikipigwa na jua hakisomeki, kwa hiyo pazia livutwe. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Sikujua kwamba nimeitikia hukumu yangu.

Mvua ilikuwa nyingi mwaka ule. Wageni walikuwa wameondoka, na hoteli, kama ilivyokuwa desturi yake, iliwapa wafanyakazi wengi likizo isiyo na mshahara mpaka msimu ufunguke. Mimi nilibakizwa. Ilibidi mtu aingize majina ya wageni wa miaka iliyopita katika mashine, na aliyejua kupiga chapa ni mimi.

Rafiki yangu hakubakizwa. Alikuwa akikaa meza ya mapokezi, mtu wa bara, Mkristo, aliyekuja pwani kutafuta kazi na kupanga chumba Kisumu Ndogo. Tangu niajiriwe tulikuwa tukila chakula cha mchana katika sahani moja. Siku aliyopewa habari ya likizo alinikuta nikifunika taipureta.

"Wewe una bahati," akaniambia.

"Bahati gani? Nitabaki peke yangu na yale madude."

"Afadhali kubaki na madude kuliko kwenda nyumbani kutazamana na ukuta."

Alilisema hilo bila kutabasamu. Nikamsindikiza hadi getini kwa mwavuli mmoja, nikamwambia nitamtumia habari nikisikia lolote. Tukashikana mikono. Sikuona chochote machoni pake, au sikutazama.

Meneja alikuwa Mzungu wa makamo, mwenye miguu mirefu na subira fupi. Maisha yake yote nje ya kazi yalikuwa gofu. Mvua ilipoujaza maji uwanja wa mjini, akawa kama mtu aliyefiwa. Huzunguka veranda, hutazama mawingu, hurudi ndani. Sasa yule fundi alikuwa amemwachia diski moja, ya mchezo wa gofu. Siku moja nilikuwa nagonga majina ya wageni kwa nguvu, kama nilivyozoea kwenye taipureta, akasimama nyuma yangu.

"Utavunja," akasema kwa Kiingereza, maana ndicho tulichozungumza tukiwa ofisini. "Vidole vyako ni vizito. Ondoka hapo kidogo."

Akatia diski yake. Kioo kikazima, kikawaka. Pakatokea mstari, kiduara, na kibendera, vyote kijani, kwa kuwa mashine ile haikujua rangi nyingine. Nyasi kijani, mchanga kijani, maji kijani. Akanieleza kwamba kile kijitu cha vijiti pale chini ni mchezaji, na kwamba kazi yangu ni kuupeleka mpira kwenye bendera kwa mapigo machache iwezekanavyo.

Kupiga kwenyewe kulikuwa hivi. Unabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, mstari unaanza kupanda pembeni mwa kioo. Ukibonyeza tena unasimamisha nguvu. Mstari unashuka, na ukifika kwenye alama lazima ubonyeze mara ya mwisho. Ukiwahi, mpira unakwenda kushoto. Ukichelewa, unakwenda kulia. Mimi nilichelewa, nikawahi, nikachelewa tena. Mpira wangu ulizama majini mpaka meneja akaweka mikono kichwani.

"Unabonyeza kwa macho," akasema. "Macho yanachelewa. Sikiliza."

Kweli, mashine ilikuwa na mlio mdogo mstari ulipokuwa ukishuka, tik, tik, tik, kama mjusi ukutani. Nikafumba macho nikabonyeza kwa sikio. Mpira ukaruka, ukaenda moja kwa moja, ukatua karibu na bendera. Nilipiga kelele. Sikuwa mtu wa kupiga kelele.

Tangu hapo ikawa kila siku. Asubuhi majina ya wageni, na baada ya chakula cha mchana, mvua ikipiga paa, gofu. Mwanzo ilikuwa amri yake, kisha ikawa hamu yangu pia, wala sioni sababu ya kuficha. Nilijifunza kusoma mshale wa upepo pale juu ya kioo, nikajua ukielekea huku ulenge kule. Nilijifunza fimbo ipi ya kuutoa mpira mchangani na ipi ya kuusukuma taratibu karibu na shimo. Hapakuwa na mtu aliyewahi kunifundisha mchezo wowote tangu nivunje ungo. Wasichana wa kwetu wakishakua hufundishwa kupika, kushona, na kunyamaza. Hapa palikuwa na kitu kisicho na faida yoyote, nami nilikiweza.

Chumba cha wafanyakazi cha kubadilishia nguo kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya likizo. Kwa hiyo nilikuwa nikifika, navua buibui langu, nalitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa meneja, kisha nakaa na gauni langu la kazi na mtandio. Meneja alipenda kucheza bila viatu. Alisema miguu ikiwa uchi anausikia uwanja. Haya ndiyo mambo yaliyokuwa mle ndani. Sijaongeza, sijapunguza.

Nilipomshinda mara ya kwanza alicheka kwa nguvu mno. "Tena," akasema. Nikamshinda tena siku ya pili. Akaanza kunitazama kwa namna nyingine. Si ile ambayo watu walikuja kuisema, bali kama mtu anayetazama ngazi iliyohamishwa usiku. Lakini alikuwa muungwana wa namna yake. Aliniambia msimu ukifunguka atanipeleka Nairobi nikasomee kompyuta, nirudi niwe mkuu wa ofisi. Nilimweleza mama. Mama akaniuliza kama mume wangu atakubali. Nikasema atakubali, yeye ni mwalimu.

Rafiki yangu alikuja hotelini siku moja ya mvua kuulizia lini watarudishwa kazini. Mapokezi hapakuwa na mtu, akaja moja kwa moja kubisha mlango wa meneja. Mimi ndiye niliyemfungulia. Dakika hiyo hiyo mpira wangu ulikuwa umeingia shimoni kutoka mbali, nami nilikuwa nacheka hadi machozi yananitoka, mtandio umenianguka mabegani. Akanitazama. Akamtazama meneja, aliyekuwa akitafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza. Akatazama pazia. Mlango ulipojirudisha kidogo akaliona buibui.

"Karibu, ingia," nikamwambia. "Njoo uone."

"Hapana. Nilikuwa napita tu."

Nilimwita. Alikwenda zake bila mwavuli.

Baada ya hapo mambo yakabadilika, polepole, kama maziwa yanavyochacha. Mpishi aliyekuwa akinitania akawa ananisalimu kwa adabu ya kupita kiasi. Askari wa getini alinifungulia huku akitazama kando. Mtaani, wanawake wa barazani waliitikia salamu yangu kisha wakanyamaza mpaka nipite. Nami mjinga nilidhani ni kijicho cha wale waliosikia kwamba nitapelekwa Nairobi.

Mama ndiye aliyeniuliza, tukichambua mchele.

"Mwanangu, huko kazini unafanya nini?"

"Naandika majina, mama. Na baadaye tunacheza gofu."

"Gofu ni nini?"

"Mpira. Unapigwa kwa fimbo, unaingia shimoni."

"Na mnacheza chumbani?"

"Ndani ya kompyuta."

"Mpira uko wapi?"

"Hakuna mpira, mama. Ni picha ya mpira."

"Na fimbo?"

"Hakuna fimbo."

Mama akaweka ungo chini. "Kwa hiyo," akasema, "unafungiwa chumbani na mwanamume, hakuna mpira wala hakuna fimbo, na mnacheza."

Nilijaribu kumweleza. Nilichora kwa kidole kwenye unga wa mchele ulioanguka jamvini, nikamwonyesha mstari unavyopanda na kushuka. Kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimetunga. Kweli nyingine zina sura ya uongo, na hizo hazisaidiwi na maneno. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Mwenzio amesikia. Anakuja Jumamosi."

Alikuja Jumamosi kweli, ingawa haikuwa mwisho wa mwezi. Alimsalimu mama, "Shikamoo shangazi," akakataa kahawa. Kwa mara ya kwanza aliomba kuzungumza nami uso kwa uso, na mama akaturuhusu, akakaa karibu akishona kofia bila kushona.

"Watu wanasema maneno," akaniambia. "Mimi sikuja na maneno yao. Nimekuja kuuliza. Mlango hufungwa?"

"Hufungwa. Kwa sababu ya mashine."

"Na pazia?"

"Kwa sababu ya kioo."

Aliyafikiria yale majibu, nilimwona akiyafikiria, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Kisha akasema, "Mimi nakuamini. Lakini siwezi kumjibu baba yangu kwa mashine ambayo sijaiona. Nipeleke nikaione. Nikiiona, atakayesema neno nitamjibu mimi."

Nilifurahi. Nilivaa buibui haraka haraka, tukaenda, yeye mbele hatua kidogo, mimi nyuma. Njiani nilikuwa nikimweleza kuhusu upepo na mchanga, na mara moja nikamsikia anacheka, kicheko chake kile cha kuchelewa. Nikajua yamekwisha.

Nilibisha, nikafungua. Meneja hakuwa peke yake. Kitini kwangu alikaa mwakilishi wa wenye hoteli, aliyefika kutoka Nairobi bila taarifa, mkoba wake mezani. Ofisi ilikuwa imefagiliwa. Meneja amevaa viatu na tai. Pazia lilikuwa wazi, na kioo cha kompyuta kikiwa kimezimwa kilionyesha nyuso zetu tu.

Nikawasalimu, nikamwambia meneja kwa Kiingereza kwamba huyu ni mchumba wangu, ni mwalimu, na angependa kuuona ule mchezo wa gofu dakika moja tu.

Meneja alinitazama. Kisha hakunijibu kwa Kiingereza. Alinijibu kwa kile Kiswahili chake cha kuwaamrisha watu wa bustani, ambacho tangu siku ya mpira wa kwanza hakuwahi kukitumia kwangu.

"Hapa kazi," akasema. "Mchezo hakuna."

"Ile diski," nikasema. "Iko kwenye droo ya chini."

"Mchezo hakuna hapa. Wewe nenda. Leo si siku ya kazi."

Yule mwakilishi akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Meneja akamwambia msichana amechanganyikiwa, anataka kumwonyesha jamaa yake mashine. Wakatabasamu wote wawili. Mtoto wa mjomba alikuwa amesimama karibu nami, akiusikia uongo ule kwa lugha zote mbili. Akasema kwa Kiingereza kizuri cha mwalimu, "Samahani kwa kuwasumbua," akafunga mlango taratibu.

Tulitembea mpaka getini. Mvua ilikuwa imeacha, na mtunza bustani alikuwa akifagia majani. Pale nje akasimama.

"Amekana kwa kuogopa kazi yake," nikamwambia. "Wenzetu wamepewa likizo bila mshahara, naye alikuwa akicheza. Wallahi—"

"Usiape."

"Basi niamini bila kuapa."

Alitazama viatu vyake vilivyojaa tope. "Buibui lako," akasema, "lilikuwa likikaa wapi?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimeamua kusema kweli mpaka mwisho, nikidhani kweli ikitimia yote itakuwa na uzito. Akatikisa kichwa polepole, kama anayesahihisha daftari la mtoto aliyemtumaini. Alinirudisha hadi kwetu, akaagana na mama kwa heshima zote, akapanda gari la Kilifi. Hakuniita jina baya. Angeniita, ningekuwa na kitu cha kumchukia.

Posa ilirudishwa kwa upole ule ule. Mjomba mwenyewe hakuja. Alimtuma mkewe, akaja na sanduku la nguo tulizokuwa tumepeana, akasema watoto hawa nyota zao hazikukubaliana. Mama alilipokea, akaenda akakaa jikoni. Baadaye aliniambia sentensi moja tu. "Ungemwomba akuache ukae karibu na mlango." Nami sikumwambia kwamba chumba kile kilikuwa kidogo, na kwamba kila mahali palikuwa karibu na mlango.

Mwakilishi alipoondoka, meneja aliniita. Diski ilikuwa imekwisha rudi ndani ya mashine. Kijitu cha vijiti kilikuwa kimesimama kikingoja.

"Njoo," akasema kwa Kiingereza, kwa uchangamfu. "Ni zamu yako."

Nikamuuliza kwa nini alinikana.

"Wangenifukuza," akasema. "Na wewe pia wangekufukuza. Nilikukinga." Aliniona nimesimama tu, akaongeza, "Yule kijana kama ni mtu mwema ataelewa."

Nilichukua buibui langu msumarini, nikaenda kwenye taipureta yangu. Habari ya Nairobi haikutajwa tena.

Msimu ulipofunguka, rafiki yangu alirudi kazini. Nilimngoja wakati wa chakula cha mchana, nikamuuliza alisema nini na kwa nani.

"Nilisema nilichoona," akajibu. "Sikuongeza."

"Uliona nini?"

"Nilikuona unacheka. Sisi tulikuwa nyumbani na njaa, wewe unacheka chumbani."

Nilikuwa nimetarajia uadui, nao ningeuweza. Njaa sikuitarajia. Hatukula pamoja tena.

Masika yaliyofuata yeye ndiye aliyebakizwa, na yeye ndiye aliyeitwa kufundishwa mashine. Kupitia ukutani nilikuwa nikiisikia ile tik, tik, tik, na mara nyingine sauti yake akilaani mpira. Haukupita muda, mpishi na askari wakaanza kuuma maneno. Nikawaambia wazi, "Wanacheza gofu tu." Walicheka kuliko walivyowahi kucheka. Kwamba mimi, miongoni mwa watu wote, ndiye shahidi wake!

Siku moja alitoka mle ndani, akasimama mbele ya meza yangu, akipangusa miwani kwa pindo la sketi.

"Kumbe ulikuwa mpira kweli," akasema.

"Nenda ukamwambie mama yangu."

"Nitakwenda."

Hakwenda. Pengine aliona haya, pengine aliona ni mbali. Maneno juu yake hayakumdhuru sana, maana hakuwa na shangazi wala mjomba Malindi wa kuyapokea. Baadaye alipata kazi Mombasa, akahama. Meneja naye alimaliza mkataba, akarudi kwao. Mimi niliacha hoteli, nikaajiriwa karani wa duka la pembejeo Tezo, na miaka ikapita kabla sijaolewa na mwanamume wa makamo aliyefiwa na mke, mtu mpole, asiyeuliza mambo ya zamani na asiyeniambia ya kwake.

Mtoto wa mjomba nilikutana naye Matsangoni, kwenye matanga ya jamaa yetu. Alikuwa mwalimu mkuu, kichwa kimeota mvi. Aliacha wanaume wenzake, akaja upande ule nilipokuwa nikiosha vyombo na wanawake, akasimama mbali kidogo, kama inavyopasa.

"Mwanangu wa kiume amenunuliwa kompyuta," akasema. "Juzi nilimkuta anacheza mpira humo ndani. Kuna mstari, unapanda, unashuka, unabonyeza." Akasita. "Nimekuja kukwambia kwamba nimeona."

Nafikiri alitarajia nifurahi. Alikuwa amebeba jambo lile kutoka Kilifi kama mtu aliyebeba tunda. Nilisuuza sahani niliyokuwa nayo, nikaiinamisha juu ya nyingine. Miaka yote ile nilikuwa nimedhani kwamba nikiaminiwa nitapona. Sasa nilikuwa nimeaminiwa, na aliyeaminiwa hakuwa mimi, ilikuwa ile mashine ya mtoto wake.

"Alhamdulillahi," nikamwambia. "Mama watoto hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie."

Akangoja kidogo, kisha akarudi kwa wanaume. Mwanamke aliyekuwa akiosha pembeni yangu akaniuliza yule bwana alikuwa akisema nini, nikamwambia alikuwa akiulizia maji ya kunawa.